Kwa Nini Hawakuhama? Wahamiaji wa Chicago katika Karne ya 19

Nyuma ya machinjio makuu ya Chicago palikuwa na mkono wa mto uliochemka usiku na mchana bila moto. Damu, matumbo, manyoya na mabaki ya mafuta yaliyotupwa na viwanda vya nyama yalioza chini ya maji, gesi ikapanda juu kwa mapovu, na watu wakapaita Bubbly Creek, yaani kijito cha mapovu. Mwendo mfupi kutoka hapo ziliishi maelfu ya familia: kwanza za Waayalandi na Wajerumani, baadaye za Wapolandi, Waslovakia na Walithuania. Upepo ukivuma kutoka upande wa machinjio, harufu iliingia katika nguo zilizoanikwa, katika mkate na katika matandiko ya mgonjwa.

Wakazi wa mitaa yenye miti na hewa safi, wakipita huko, waliuliza swali moja: mbona watu hawa hawahami? Majibu yaliyokuwa tayari midomoni yalikuwa mawili. La kwanza ni kwamba hawakuwa na uwezo, na hilo lina ukweli nusu tu, kwa sababu wengi wao waliweka akiba na hata kununua nyumba palepale penye uvundo. La pili ni kwamba walikuwa wamezoea uchafu walikotoka, na hilo ni tusi lililovaa nguo za maelezo. Jibu la kweli ni refu zaidi. Tutalipata tukiifuata familia moja moja tangu kwenye tiketi ya meli, kibarua, kiwanja na mkopo, hadi kwenye jeneza, na kuuliza kila mara ingepoteza nini kama ingehamia upande wa pili wa jiji.

Kwanza tutazame ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 1840 Chicago ilikuwa na watu 4,470, idadi ambayo leo ingetosha kuitwa kijiji kikubwa. Mwaka 1870 walikuwa karibu 299,000. Sensa ya 1890 ilihesabu watu 1,099,850, na ile ya 1900 ikakaribia watu milioni 1.7. Hapana budi kuongeza kwamba sehemu ya ongezeko la miaka ya 1880 ilitokana na jiji kuyameza maeneo ya jirani mwaka 1889, likiwemo eneo lenye machinjio, ambalo hadi hapo lilikuwa nje ya mipaka yake. Katika sensa ya 1890, wanne kati ya kila wakazi kumi walikuwa wamezaliwa nje ya Marekani, na ukiwaongeza watoto waliozaliwa Marekani na wazazi wageni, idadi inapita robo tatu ya jiji zima. Kwa hiyo tunaposema “wahamiaji wa Chicago” hatuzungumzii kundi la pembeni. Wao ndio waliokuwa Chicago, na wenyeji wa kuzaliwa na wazazi Wamarekani ndio waliokuwa wachache.

Takwimu hizo zina mtego mmoja ambao humkwaza msomaji wa leo. Polandi haikuwepo kwenye ramani ya Ulaya, kwa kuwa ilikuwa imegawanywa baina ya Urusi, Prussia na Austria tangu mwishoni mwa karne ya 18. Mpolandi aliyefika Chicago aliweza kuandikwa Mjerumani, Mrusi au Mwaustria kutegemea alikotoka, na Myahudi aliyekimbia milki ya Urusi aliweza kuandikwa Mrusi tu. Karatasi ya serikali ilitaja mfalme aliyemtawala mtu. Mtaani watu walijuana kwa lugha, kwa dini, na mara nyingi kwa kijiji.

Ardhi yenyewe ilikuwa na historia kabla ya wote hao. Mlowezi wa kwanza wa kudumu anayejulikana kwenye mdomo wa Mto Chicago alikuwa mtu mweusi, Jean Baptiste Point du Sable, mfanyabiashara aliyejenga makazi yake hapo katika miaka ya 1780 na kuyauza mwaka 1800. Wapotawatomi, waliokuwa wenyeji wa eneo hilo, walilazimishwa kuachia ardhi yao kwa mkataba wa 1833, mwaka uleule Chicago ilipoandikishwa kuwa mji mdogo. Jiji lililokuja kuwauliza wageni wanatoka wapi lilianza kwa kuwaondoa waliokuwepo.

Waayalandi ndio waliotangulia kwa wingi miongoni mwa vibarua. Kazi iliyowaita ilikuwa kuchimba mfereji wa kuunganisha Ziwa Michigan na mito inayoelekea Mississippi, mfereji wa kilomita 155 hivi ulioanza kuchimbwa mwaka 1836 na kukamilika 1848. Waliuchimba kwa sururu na beleshi katika tope na mbu, na kuna kipindi mfuko wa mfereji ulipokauka wakalipwa kwa hati za karatasi badala ya fedha. Wengi walibaki Bridgeport, mahali mfereji ulipoanzia. Njaa kuu ya Ayalandi, iliyoanza mwaka 1845 baada ya viazi kuozeshwa na ugonjwa shambani, iliua watu wapatao milioni moja na kuwasukuma wengine zaidi ya milioni moja ng’ambo, nao waliofika Chicago waliwakuta wenzao tayari wana vibanda. Wajerumani walikuja kwa mchanganyiko mpana zaidi: wakulima, mafundi waliopoteza soko kwa mashine, na wanasiasa waliokimbia baada ya mapinduzi ya 1848 kushindwa.

Wimbi la baadaye, la Wapolandi, Wacheki, Walithuania, Waitalia na Wayahudi wa Urusi, lina mzizi ambao watu wachache huutaja, nami naona ndio unaoeleza mengi. Mwaka 1848 Chicago ilipata mfereji, reli yake ya kwanza na soko lake la nafaka. Katika miongo iliyofuata ngano ya nyanda za Marekani ilipita hapo, ikapakiwa kwenye treni kisha kwenye meli za mvuke, na ikafika Ulaya kwa bei iliyomshinda mkulima mdogo wa huko. Bei ya nafaka ilipoporomoka katika miaka ya 1870 na 1880, kijana mwenye kipande cha shamba nchini Polandi hakuweza tena kulipa kodi na kugawana urithi na ndugu zake. Wayahudi walikuwa na sababu nyingine nzito, yaani mashambulizi na sheria za ubaguzi zilizozidi nchini Urusi baada ya 1881. Hata hivyo kwa wakulima wengi jiji lililowapokea lilikuwa mojawapo ya majiji yaliyowaharibia soko.

Safari haikuanza kwa ndoto ya utajiri. Ilianza kwa barua. Mtu aliyetangulia aliandika kwamba mnyapara wake anatafuta watu, akafungia ndani tiketi aliyoilipia Chicago, na mdogo wake au mpwa wake akapanda meli akiwa na deni tayari. Tiketi ilirudishwa kidogokidogo kutoka kwenye ujira wa kwanza. Hilo lilikuwa fundo la kwanza lililomfunga mtu mahali pale: mgeni aliyeshuka kituoni alikuwa na mahali pa kulala, mtu wa kumtafsiria na mtu wa kumpeleka kazini, na wote watatu mara nyingi walikuwa mtu mmoja, ambaye aliishi karibu na kijito cha mapovu. Kwa Waitalia wengi palikuwa na mtu wa kati aitwaye padrone, aliyewatafutia vibarua wa reli kazi kwa kukata fungu lake, akawauzia chakula na kuwapangisha vitanda. Wengine walimwona mwokozi na wengine mnyonyaji, nao wote walikuwa na sababu zao.

Machinjio makuu yalifunguliwa Siku ya Krismasi mwaka 1865, yakiwa yamejengwa na makampuni ya reli ili wanyama wote wa kanda ya magharibi waletwe mahali pamoja. Kilichowashangaza wageni waliokuja kutazama ni mpangilio wa kazi. Nguruwe alinyanyuliwa kwa mguu mmoja na kuning’inizwa kwenye reli ya juu, kisha akasogezwa mbele ya safu ya watu, kila mmoja akiwa na kisu chake na mkato wake mmoja tu. Huyu alikata koo, yule alifungua tumbo, mwingine alitoa maini, na hakuna aliyesogea kutoka mahali pake kwa sababu nyama ndiyo iliyotembea. John R. Commons, mwanauchumi aliyechunguza machinjio hayo mwaka 1904, alikuta kwamba ng’ombe mmoja amegawanywa kama ramani: stadi zaidi ya 30 na viwango 20 vya ujira, kuanzia senti 16 hadi senti 50 kwa saa. Senti 50 zilikwenda kwa yule aliyepasua uti wa mgongo, kwa kuwa mkato uliopinda ulishusha bei ya nyama yote. Senti 16 zilikwenda kwa aliyesukuma, aliyefagia na aliyebeba.

Mgawanyo huo ulikuwa na maana ya kijamii ambayo haionekani kwa kutazama visu. Zamani mchinjaji alijua kazi nzima, naye akigoma, duka lilifungwa. Sasa mtu aliyejua mkato mmoja aliweza kufundishwa na kubadilishwa ndani ya siku chache. Visu vya maana vilikuwa mikononi mwa Wajerumani na Waayalandi waliotangulia, ilhali waliokuja nyuma yao waliingia kwa kazi ya beleshi na toroli. Matajiri wa viwanda walijua kwamba kikosi kinachozungumza lugha nne hakigomi kwa urahisi, na mgomo ulipotokea waliwaleta watu wengine wenye shida, wakiwemo Wamarekani weusi waliofungiwa milango ya kazi nyingine na pia ya vyama vingi vya wafanyakazi. Chuki iliyozaliwa hapo ilimwangukia aliyeletwa, si aliyemleta.

Na kazi yenyewe haikuwa ya uhakika. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, mamia ya wanaume walisimama kwenye lango wakisubiri mtu wa kampuni atokeze na kunyoosha kidole: wewe, na wewe, na wewe. Waliochaguliwa nao walisubiri wanyama wafike kwa treni, na saa za kusubiri hazikulipwa. Wiki yenye mifugo mingi mtu alifanya kazi hadi usiku, na wiki iliyofuata akapata ujira wa siku mbili. Aliyeishi mbali, aliyehitaji nauli ya gari la farasi asubuhi na jioni bila kujua kama ataitwa, alikuwa anakula hasara kabla hajashika kisu. Kukaa karibu na lango kulikuwa sehemu ya kazi, na hapo sehemu moja ya swali letu inajibiwa.

Tugeukie nyumba, maana hapa ndipo picha ya kawaida inapopotoka. Wengi wakisikia “mtaa wa wahamiaji” hufikiria majengo ya ghorofa sita ya New York. Chicago ilikuwa tambarare na ilikuwa na mbao. Kiwanja cha kawaida kilikuwa na upana wa futi 25 na urefu wa futi 125 hivi. Familia ilianza na kijumba cha mbao cha vyumba viwili vitatu, na ilipoweka akiba ilikisukuma kijumba kile hadi nyuma ya kiwanja na kujenga kingine mbele. Nyuma akakaa mpangaji, mbele akakaa mwenye nyumba, na katikati ukabaki ua wa choo, kuni na kamba ya kuanikia. Msongamano wa Chicago ulikwenda kwa kina cha kiwanja, na ndiyo maana aliyepita barabarani hakuuona.

Jinsi wahamiaji walivyong’ang’ania kumiliki nyumba ilidhihirika baada ya moto mkubwa wa Oktoba 1871. Moto huo uliua watu wapatao 300 na kuwaacha wengine kama 100,000 bila makao. Viongozi wa jiji walitaka kupiga marufuku nyumba za mbao popote mjini, jambo ambalo mtu wa usalama angelisifu. Januari 1872 Wajerumani wa upande wa kaskazini, pamoja na wenzao, waliandamana hadi ukumbi wa baraza la jiji, akiwemo Anton Hesing, mwanasiasa na mwenye gazeti la Kijerumani. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuelewa: ukuta wa matofali kibarua hawezi kuumudu, kwa hiyo sheria hiyo ingewageuza wenye viwanja kuwa wapangaji maisha yao yote. Walilazimisha maafikiano, na sehemu kubwa za mitaa ya wafanyakazi ziliachwa nje ya mpaka wa marufuku. Siwezi kuwalaumu wala kuwasifu bila kusita, kwa kuwa walijua moto ni nini kuliko aliyewakemea, ila walijua pia kwamba uzee bila nyumba ni moto wa pole.

Fedha za kununulia zilitoka katika vyama vya akiba na mikopo vya mtaani, ambavyo Wacheki na Wapolandi walivijenga kwa wingi. Wanachama walikutana jioni, mara nyingi katika chumba cha nyuma cha baa au ukumbi wa parokia, kila mmoja akaweka hisa yake ya wiki, na fungu likatumika kumkopesha mwenzao anayenunua. Msomaji anayejua upatu ataelewa roho ya chama hicho bila maelezo mengi, ingawa taratibu zake zilikuwa za kibenki zaidi. Dhamana haikuwa karatasi tu. Karani wa chama alimjua mkopaji, alimjua baba yake kijijini, na alijua kama analewa. Akihamia upande mwingine wa jiji, kule ambako hakuna anayelijua jina lake, dhamana hiyo ilibaki nyuma.

Deni lililipwa na nyumba nzima, na hasa na mke. Yeye ndiye aliyewapokea wapangaji wa kitanda, vijana wasio na ndoa waliolala wawili wawili au kwa zamu. Aliwapikia, aliwafulia nguo zenye damu ya machinjio, na aliamka kabla yao wote. Sensa mara nyingi ilimwandika kuwa hana kazi, ilhali fedha aliyoipata kwa wapangaji ndiyo iliyoivusha familia wiki ambazo mume hakuitwa langoni. Watoto nao walilipa. Nyumba nyingi zilizonunuliwa kwa jasho zilinunuliwa pia kwa shule iliyokatizwa, mtoto wa miaka 12 akipelekwa kiwandani ili rejesho la mkopo lisichelewe. Anayeisimulia historia ya wahamiaji kama hadithi ya bidii na mafanikio hana budi kumweka mtoto huyo ndani ya hesabu.

Upande wa magharibi, katika kata ya 19, kazi ya kawaida ilikuwa ushonaji. Tajiri wa nguo alitoa vitambaa vilivyokatwa kwa mtu wa kati, naye akavigawa kwenye vyumba vya watu, ambako koti lilishonwa kitandani, jikoni, darini, popote palipokaa cherehani. Bei ya kipande ilishuka kila mtu wa kati alipokata chake. Mwaka 1889 wanawake wawili wapenda mageuzi ya jamii, Jane Addams na Ellen Gates Starr, walipanga nyumba kuukuu katika kata hiyo, wakaiita Hull House, wakaishi humo pamoja na majirani zao. Florence Kelley, aliyejiunga nao baadaye, alikuwa mtu wa kuhesabu. Utafiti wa wakazi wa nyumba hiyo, uliochapishwa mwaka 1895, ulipaka rangi kila nyumba ya eneo dogo la mashariki yao kufuatana na taifa la wakazi na mapato yao ya wiki, na katika eneo hilo dogo yalionekana mataifa 18. Watu wa mataifa mbalimbali waliishi karibukaribu. Ramani hiyo inatuonya tusichore mitaa ya wahamiaji kama visiwa vilivyotengana.

Hata ndani ya taifa moja hapakuwa na umoja wa kudumu. Wapolandi wa kaskazini-magharibi walikuwa na parokia ya Mtakatifu Stanislaus Kostka, iliyoanzishwa mwaka 1867, ambayo kufikia mwisho wa karne ilikuwa miongoni mwa parokia kubwa kabisa nchini Marekani. Mwaka 1873 baadhi yao walijenga kanisa jingine, la Utatu Mtakatifu, umbali mfupi tu, na ugomvi wa makanisa hayo mawili uliendelea kwa miaka 20. Wengine walisema Mpolandi ni Mkatoliki kwanza na mapadri waongoze. Wengine walisema taifa lililofutwa kwenye ramani lazima litangulie, na walei washike mali zao. Kila upande ulikuwa na muungano wake mkubwa wa vyama, mmoja wa mwaka 1873 na mwingine wa 1880, na yote miwili ilishindana kufanya kitu kilekile: kuwazika watu.

Hapana budi kusimama hapa. Illinois, jimbo lenye jiji la Chicago, halikuwa na sheria ya fidia kwa wafanyakazi hadi mwaka 1911. Mtu aliyekatwa na kisu, aliyeangukiwa na chuma au aliyepata kifua kikuu katika vyumba vya baridi vya nyama hakuwa na haki ya kulipwa, na akifungua kesi, kampuni iliweza kujitetea kwamba kosa ni la mfanyakazi mwenzake. Kilichosimama kati ya mjane na barabara ni chama cha kufa na kuzikana. Mwanachama alitoa mchango mdogo kila mwezi, akiugua akapewa posho, na akifa mjane akapewa fungu na wenzake wakatembea nyuma ya jeneza kwa bendera na mishipi, wakiimba kwa lugha ya nyumbani. Kwa mtu aliyeacha makaburi ya wazee wake ng’ambo ya bahari, hofu ya kuzikwa kwa gharama ya kaunti bila mtu wa kumlilia ilikuwa kubwa kuliko hofu ya harufu ya kijito.

Diwani aliijua hofu hiyo. Johnny Powers, Mwayalandi aliyeitawala kata ya 19 hata baada ya kata kujaa Waitalia na Wayahudi, alihudhuria mazishi, alilipia dhamana ya kijana aliyekamatwa, aligawa bata mzinga wakati wa Krismasi, na zaidi ya yote alitafutia watu kazi. Hull House waligundua kwamba karibu mmoja kati ya kila wapiga kura watano wa kata hiyo alikuwa na kazi inayotegemea hisani yake. Wakati huohuo aliuza haki za kutumia barabara za jiji kwa makampuni ya tramu, na kata yake ilibaki na taka. Addams na wenzake walijaribu kumwangusha katika miaka ya 1890, jaribio kubwa la mwisho likiwa mwaka 1898, wakashindwa. Ninachomheshimia Addams ni kwamba hakuwakasirikia wapiga kura. Aliandika mwaka huohuo kwamba majirani zake wanampima mtu kwa wema anaomtendea jirani mwenye shida, na kwamba wapenda mageuzi wanaokuja na hotuba za uadilifu bila kumtafutia mtu kazi hawana haki ya kushangaa.

Wageni hawa walijua pia kwamba jiji liliwaogopa. Mwaka 1855 meya Levi Boone, aliyeingia madarakani kwa nguvu za chama kilichopinga wahamiaji, alipandisha ada ya leseni ya kuuza pombe kutoka dola 50 hadi 300 na kufunga baa siku za Jumapili, siku pekee ya mapumziko kwa kibarua Mjerumani. Watu walikamatwa, wenzao wakaandamana tarehe 21 Aprili, risasi zikapigwa kwenye daraja. Mwaka uliofuata wahamiaji walijitokeza kupiga kura na chama hicho kikaondoka. Mwaka 1871 lawama za moto ziliangukia kwa Catherine O’Leary, mama wa Kiayalandi aliyefuga ng’ombe wa maziwa, ingawa uchunguzi haukubaini chanzo. Aliishi na lawama hiyo hadi kufa, na baraza la jiji lilimsafisha rasmi mwaka 1997 tu. Mwaka 1889 sheria ya jimbo ilidai masomo yafundishwe kwa Kiingereza hata katika shule za Kilutheri na Kikatoliki, ikazua hasira kiasi kwamba iliwaangusha walioitunga na kufutwa mwaka 1893.

Tukio lililovuka mipaka ni la mwaka 1886. Tarehe 1 Mei wafanyakazi walianza mgomo wa kudai saa nane za kazi kwa siku, na Chicago ilikuwa kitovu chake. Tarehe 4 Mei, katika mkutano wa wafanyakazi kwenye uwanja wa Haymarket, mtu asiyejulikana hadi leo alirusha bomu kati ya polisi. Watu wanane walishtakiwa, sita kati yao wakiwa wamezaliwa nje ya Marekani, na hakuna hata mmoja aliyethibitishwa kulirusha. Wanne walinyongwa Novemba 1887 na mmoja alijiua gerezani. Waliosalia walisamehewa mwaka 1893 na gavana John Peter Altgeld, aliyezaliwa Ujerumani, ambaye aliandika wazi kwamba kesi haikuwa ya haki. Mkutano wa wasoshalisti mjini Paris mwaka 1889 uliichagua tarehe 1 Mei kwa maandamano ya kimataifa ya saa nane, na ndiyo Mei Mosi inayoadhimishwa Dar es Salaam na Nairobi.

Umebaki uchafu, ambao ndio ulioanzisha swali. Watu waliamini kwamba mtaa ni mchafu kwa sababu ya wanaokaa humo. Ukweli umo katika hesabu za jiji. Lami, njia za waenda kwa miguu na mabomba ya maji taka vililipiwa kwa kiasi kikubwa na wenye viwanja vinavyopakana na barabara husika, kila mmoja kwa urefu wa kiwanja chake. Barabara ya matajiri ilitengenezwa kwa kuwa walitaka na waliweza. Barabara ya kijumba cha mbao ilisubiri, ama kwa sababu mwenye nyumba aliishi mbali na hakutaka kutoa, ama kwa sababu mwenye kijumba alikuwa bado analipa mkopo na tozo hilo lingemfilisi. Chicago ilipoanza kuinua barabara zake katika miaka ya 1850 ili kutandaza mabomba chini yake, majengo makubwa ya katikati yalinyanyuliwa kwa jeki. Vijumba viliachwa chini, na hadi leo mtaani Pilsen, ambako Wacheki waliishi, kuna nyumba ambazo ua wake uko chini ya usawa wa barabara. Kipindupindu, homa ya matumbo na ndui vilifuata ramani hiyohiyo. Katika mlipuko wa ndui wa 1893 na 1894, Kelley, aliyekuwa sasa mkaguzi mkuu wa viwanda wa jimbo, alipiga kelele kwamba makoti yanashonwa katika vyumba vyenye wagonjwa na kuuzwa mjini. Sheria ya 1893 iliyompa kazi hiyo ilikataza watoto chini ya miaka 14 viwandani na kuwawekea wanawake kikomo cha saa nane, kikomo ambacho mahakama kuu ya jimbo ilikifuta mwaka 1895.

Mwaka huohuo Jane Addams aliteuliwa mkaguzi wa taka wa kata ya 19. Aliamka alfajiri na kuyafuata magari ya taka barabara kwa barabara, akihesabu yaliyojaa na kudai yaongezwe. Majirani, hasa wanawake, mwanzoni waliona haya kumwona bibi wa heshima katika kazi hiyo, kisha baadhi yao wakaanza kuzunguka naye. Katika kichochoro kimoja chembamba, wakiondoa taka zilizoshindiliwa kwa miaka mingi, mabeleshi yaligonga kitu kigumu. Futi moja na nusu chini ya uchafu, pale ambapo jiji zima lilisema watu hawa wamechagua kuishi kwenye tope, palikuwa na barabara iliyotandazwa sakafu.